Dawa Isiyovunja Mfungo

Daktari Scola alitia vijiko viwili vya unga kwenye glasi ya maji, akakoroga haraka haraka, kisha akaisukuma mbele ya Inspekta Shija.

"Usinywe," alisema. "Tazama tu."

Shija akatazama. Alikuwa mtu wa Maswa, mwezi wa pili tu tangu ahamishiwe Sumbawanga, na baridi ya Juni ya huku juu Ufipa ilimfanya avae makoti mawili hata ndani ya ofisi za watu. Dakika ya kwanza hakuona kitu cha maana. Ya pili maji yakaanza kuwa mazito. Ilipofika ya tano daktari aliipindua glasi juu chini, na kilichokuwemo hakikumwagika. Kilikaa palepale kama uji uliolala.

"Hicho ndicho nilichokitoa kooni kwa marehemu mzee Gaudensi jana," daktari akasema. "Donge la namna hiyo hiyo, ila la kwake lilikuwa na asali."

"Kwa hiyo ni sumu."

"Ni maganda ya mbegu, Inspekta. Nyuzinyuzi tupu. Ukinywa na maji mengi kabla ya chakula, yanavimba tumboni na tumbo linadhani limeshakula. Wapo wanaopunguza chakula kweli, na wapo wanaokunywa na bado wakamaliza sahani mbili. Wenye kisukari kama yeye wengine yanawasaidia. Lakini maji ni lazima. Ukimeza makavu, yanavimbia pale yalipokwama, na mate tu yanatosha kuanza kazi."

"Na yeye yalimkwama."

"Mrija wake wa chakula ulikuwa umebana. Nilimpima mwaka jana, alikuja na mkewe. Niliwaambia wote wawili kwamba kila tonge lishushwe na maji."

Shija aliandika hilo, akalipigia mstari. "Na tumboni ulikuta nini?"

"Hakuna kitu. Hata tone la maziwa."

Kalamu ilisimama. Maana mtu aliyekuwa rumande siku ya tatu sasa, mfugaji mmoja wa Mpui aitwaye Sayi, alikuwa ndani kwa ajili ya maziwa. Mwezi wa tano ng'ombe wake waliingia kwenye ulezi wa Gaudensi wakalala humo kama wako kwao. Baraza la kijiji likaamua Sayi ampelekee mzee kibuyu cha maziwa kila Jumapili hadi msimu upite. Jumapili iliyopita alikipeleka alfajiri. Saa moja baadaye mzee akaanguka kwenye ngazi za kanisa, povu mdomoni, watu wakamnywesha maji, akafa mikononi mwao kabla misa haijaanza. Mwanawe Vitus alikinyanyua kile kibuyu mbele ya waumini wote, akasema baba yake ameuawa na Msukuma.

Na hakuishia hapo. Maiti ilipofikishwa nyumbani, Vitus alikula kiapo mbele ya jeneza kwamba akishatupia udongo wa mwisho ataichoma kaya ya Sayi na kila kinachopumua ndani yake. Mle ndani walikuwemo mke wa Sayi na watoto wanne. Mazishi yalikuwa leo, saa nane mchana. Askari wawili aliowaacha Shija pale kwa Sayi walikuwa na bunduki moja, na mji mzima ulikuwa unasema Msukuma hawezi kumfunga Msukuma mwenzake. Neno hilo lilimkera, tena lilimkera zaidi kwa sababu hakuwa na jibu la kuwapa.

Nje, Koplo Josefina alikuwa amewasha gari ili injini ipate joto. Huyu alikuwa Mfipa wa Matai, mama wa watoto watatu, dereva kuliko madereva wote wa kituo.

"Nisaidie kufikiri," Shija alimwambia akipanda. "Mtu ana koo bovu, kila tonge analishusha na maji. Asubuhi moja anameza unga mkavu uliochanganywa na asali, na hanywi hata funda moja. Kwa nini?"

Josefina hakuchukua muda. "Afande, ilikuwa Jumapili."

"Jumapili watu hawanywi maji?"

"Wazee wetu, hapana. Zamani mtu akitaka kukomunika, yaani kupokea komunyo, alikuwa hali wala hanywi tangu usiku wa manane. Sheria ililegezwa kitambo, siku hizi ni saa moja tu, na maji ni ruksa. Lakini wapo waliokataa kulegezewa. Bibi yangu hata meno anapiga mswaki mkavu."

"Na dawa?"

"Dawa wanameza. Padri aliwaambia dawa haivunji mfungo. Hilo wakalishika, la maji hawakutaka kulisikia."

Walipofika kwenye mzunguko wa barabara, Shija akapiga paja. Kama mzee alifunga, basi maziwa ya Sayi hakuyagusa. Na kama dawa ilikuwa ruksa na maji ni mwiko, basi kulikuwa na asubuhi moja tu katika juma ambayo unga ule usiodhuru mtu ungeweza kumuua Gaudensi, tena akiumeza mwenyewe kwa hiari na shukrani. Aliyeichagua asubuhi hiyo aliijua nyumba ile kutoka ndani.

"Twende kwanza Milanzi," akasema. "Daktari anasema unga huu mjini unauzwa duka moja tu. Nataka kumjua aliyeununua."

Duka la Obed lilikuwa limejaa makopo ya kila rangi: ya kunenepesha, ya kupunguza mwili, ya kuongeza nguvu za kiume, ya kusafisha damu iliyokuwa safi tangu zamani. Mwenyewe alikuwa kijana wa ulimi mwepesi.

"Karibu mkuu. Kitambi hicho kidogo tu, wiki tatu nakiondoa."

Shija alimwekea kopo alilopewa na daktari juu ya kaunta. "Hili unalo?"

"Hilo ndilo lenyewe. Nusu saa kabla ya kula, glasi mbili za maji, ugali uliokuwa unakula wote unaacha nusu. Linalidanganya tumbo, lakini kistaarabu."

"Kutoka Mpui umemuuzia nani?"

Obed alimtazama Josefina na sare yake, utani ukamwishia. "Kuna mama mmoja mtu mzima. Anamnunulia mumewe, ana kisukari, koo limebana, na anapenda kula balaa. Tangu Januari anakuja kila mwezi."

"Mwanawe hajawahi kuja?"

"Sijawahi kumwona mwana wala mjukuu. Ni yeye peke yake. Maelezo ya kwenye kopo ni ya Kizungu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwelekeza."

"Mara ya mwisho amekuja lini?"

"Ijumaa. Lakini hakununua." Obed alikuna shingo. "Aliuliza swali tu. Aliuliza, na mtu akiumeza bila maji?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, mama, hapo utakuwa umeua mtu, hasa mwenye koo kama la mzee. Nikacheka. Yeye hakucheka, afande. Akaniomba nirudie tena, polepole."

"Akapanda gari kutoka Mpui kwa ajili ya swali hilo tu?"

"Hilo tu. Akashukuru, akaondoka."

Shija alimwandikisha maelezo pale pale, akamsainisha kila ukurasa. 

Walifika Mpui saa tisa na nusu. Watu walikuwa wametoka makaburini, wanawake wameketi kwenye majamvi, wanaume wamesimama makundi makundi nyuma ya ghala la mahindi wakiongea kwa sauti za chini. Shija aliona galoni mbili za petroli chini ya mkokoteni. Hakuna aliyejisumbua kuzificha.

Vitus alimfuata kabla hajafunga mlango wa gari. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mitano, mabega ya jembe, macho mekundu ya kilio na kukosa usingizi.

"Umeniletea Sayi?"

"Pole na msiba, ndugu yangu. Nimekuletea maswali."

"Maswali tumemaliza. Tumeshazika."

"Machache tu. Ukinijibu, sitahitaji kuwazuia wenzako na galoni zao, wataamua wenyewe kutokwenda." Shija alimvuta kando, nyuma ya zizi la mbuzi. "Ulimwona baba yako akinywa yale maziwa?"

"Kibuyu kilikuwa mezani."

"Sikuulizi kibuyu kilikuwa wapi. Ulimwona akinywa?"

Vitus alitafuna midomo. "Sikumwona."

"Alikuwa anakwenda kukomunika?"

"Baba hajawahi kukosa komunyo Jumapili."

"Kwa hiyo alikuwa amefunga. Angekunywaje maziwa?"

Vitus alishika ubao wa zizi. Siku tatu alikuwa anapiga kelele za maziwa, na jambo hilo alilolijua tangu utotoni halikumjia hata mara moja. Hasira ilikuwa imemtangulia mbio. Shija alimwacha alimeze taratibu.

"Asubuhi hiyo alimeza nini?"

"Dawa yake ya sukari tu."

"Nani alimpa?"

"Mimi." Alisema bila kusita, kama anayetaja wema wake. "Mama alitangulia kanisani kupanga maua. Aliacha ameshaichanganya na asali kwenye kibakuli, akaniambia nimpe yote, nisibakize. Baba alikuwa hashiki kijiko vizuri asubuhi, mikono yake ina ganzi. Nikamlisha."

"Vijiko vingapi?"

"Vinne, labda vitano. Alilalamika ni nzito, nikambembeleza."

"Ukampa maji?"

Vitus alimtazama kwa huruma kidogo, vile unavyomtazama mgeni asiyejua mila za watu. "Maji yangevunja mfungo, afande."

Shija alifunga daftari. Alikuwa amehoji wezi na wauaji miaka kumi na minne, na mara chache alitamani jibu la mtu lingekuwa uongo. Alimwambia Vitus abaki pale pale na asiseme na mtu. Kisha akamwita Josefina, wakaenda jikoni.

Mjane, Mama Luciana, hakuwa jamvini na wenzake. Alikuwa jikoni peke yake, khanga nyeusi kichwani, mbele yake ugali wa ulezi na kipande kinene cha samaki, mgebuka wa Kasanga. Alikuwa anakula. Hakuwa anadonoa kama wafiwa wanavyobembelezwa wadonoe. Alikuwa anamega tonge kubwa, anachovya, anatafuna kwa utulivu.

"Shikamoo mama," Shija akasema.

"Marahaba. Karibuni chakula."

"Tumeshiba, ahsante. Mama, tunaulizia dawa ya mzee."

"Mambo ya dawa muulizeni Vitus. Yeye ndiye aliyekuwa anampa."

"Jumapili tu. Siku nyingine zote ulikuwa unampa wewe, na glasi mbili za maji."

Mama Luciana alimega tonge jingine.

"Obed wa Milanzi anakukumbuka," Shija aliendelea. "Anakumbuka na swali la Ijumaa. Na Daktari Scola anakumbuka nani alikuwa amekaa kwenye kiti wakati anaeleza habari za lile koo."

Mama alitafuna hadi akamaliza, akameza, akavuta bakuli la maji akanawa. Josefina alimpa kitambaa. Alijifuta kidole kimoja kimoja.

"Wewe binti ni wa wapi?"

"Wa Matai, mama."

"Basi utanielewa kuliko huyu." Alikunja kitambaa. "Watu wananiita Mama Vitus. Vitus ni wa pili. Wa kwanza alikuwa Angela. Alipata mimba akiwa na miaka kumi na saba, baba yake akamtoa. Hakwenda mbali. Alikaa kwenye kibanda cha kuamia ndege, pale kwenye ulezi, mwezi wa pili, mvua usiku na mchana. Gaudensi akatangaza kwamba punje moja ya ghala hili isimfikie. Unajua mwezi wa pili huku kwetu kuna nini cha kuokota shambani, binti?"

"Hakuna kitu, mama."

"Nilijaribu kumpelekea unga mara tatu. Gaudensi alikuwa ameweka mlinzi njiani. Angela alijifungua mwenyewe, hana nguvu hata ya kulia. Nilimkuta yeye na mtoto, wote wawili. Tumbo lake lilikuwa limeshikana na mgongo." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Na mwanamume yule aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo, anakula mbele yangu, mimi ndiye namsongea. Mwaka huu daktari ananiambia mume wako anakula mno, tumtafutie kitu cha kumshibisha. Nilicheka njia nzima nikirudi."

"Kwa hiyo ukaamua kumuua," Shija akasema.

"Niliamua ashibe. Ashibe mpaka pumzi ikose pa kupita. Nilimchukia, baba, nisikufiche. Nilimchukia kila siku ya Mungu, na Jumapili nilipomwona amekabwa pale kwenye ngazi, macho yamemtoka, nilihisi njaa kwa mara ya kwanza tangu nimzike mwanangu. Tangu hapo nakula."

Josefina alikuwa ameangalia chini. Shija mwenyewe hakujua aweke wapi macho yake. Alijua kumwonea huruma si kazi aliyotumwa, na bado alimwonea.

"Huyo mlinzi wa njiani alikuwa nani?"

Mama Luciana alisimama, akajitengeneza khanga. "Twende huko unakotaka kunipeleka."

"Haya uliyosema utayarudia kituoni? Utayasaini?"

"Sitasaini kitu. Nilikuwa kanisani napanga maua, akina mama kumi na wawili waliniona. Wewe tafuta nani alishika kijiko."

Hapo ndipo Shija alipoona kaburi la pili, la Vitus. Mama Luciana hakuwa amemtuma Vitus kwa sababu ya kazi ya kanisani. Alikwenda kanisani ili Vitus atumwe. Shija alitaka kumpitisha mjane mlango wa nyuma, lakini jiko la Mama Luciana lilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa unatazama uwanjani.

Vitus hakuwa amebaki zizini. Alikuwa katikati ya uwanja na wenzake, na alipoona askari wamemshika mama yake mikono alikuja mbio.

"Unampeleka wapi mama? Muuaji unaye rumande, leo unakuja kubeba mjane?"

"Vitus, ingia kwenye gari," Shija akasema. "Tutaongea huko."

"Siingii. Nilishasema mbele ya jeneza, na nasema tena mbele ya hawa. Aliyemlisha baba yangu kifo, mimi namchoma."

"Wamekusikia," Mama Luciana akasema. Hakupaza sauti, lakini uwanja ulikuwa umenyamaza, na kila mtu alimsikia. "Sasa waambie. Maziwa baba yako hakunywa, alikuwa amefunga. Daktari amemkuta na donge la dawa limejaa kooni, kavu, bila maji. Waambie nani alimlisha vijiko vitano akimbembeleza."

Vitus aliwageukia wenzake. Alimtazama mama yake, akamtazama Shija, na Shija hakuweza kukana, kwa kuwa kila neno lilikuwa kweli. Vijana waliokuwa nyuma yake walirudi hatua moja, kisha wakatazamana. Walikuwa wameshinda siku tatu wakijipasha moto kwa kiapo cha huyu huyu, hawajala, wamekunywa pombe ya matangani, na sasa kiapo hakikuwa na pa kwenda isipokuwa kwake. Mmoja wao, mtoto wa baba mdogo wa Vitus, aliinama chini ya mkokoteni akachukua galoni.

Shija hakusubiri. Alimkamata Vitus ukosi wa koti akamsukuma ndani ya gari, akaingia naye, Josefina akamtia mama upande wa pili na kurukia usukani. Jiwe la kwanza lilipiga kioo cha nyuma wakati gari linatoka kwenye lango. La pili liliwakosa. Shija alipiga simu kwa askari wa kwa Sayi wakiwa wameshashika lami, akaambiwa huko kimya, hakuna aliyekuja.

Alikuwa amekaa katikati, mama kushoto, mwana kulia. Kazi iliyobaki aliijua: maelezo ya Obed, ushahidi wa daktari, neno la Josefina juu ya yale ya jikoni. Angehitaji vyote ili yule mwanamke asimtundike mwanawe kwa kukaa kimya tu.

Walikuwa wamefika mbali Vitus alipomgeukia mama yake.

"Mama. Uliniambia nimpe yote."

"Nilikwambia."

"Ulijua itamuua?"

"Nilijua."

"Kwa nini ulinituma mimi? Mimi nimekukosea nini?"

Mama Luciana aliegemea mbele kidogo, ili amwone mwanawe vizuri kupita kifua cha Shija.

"Mara ya kwanza nilibeba unga kwenye ungo, ukaninyang'anya. Mara ya pili nikauficha kwenye kuni, ukazifungua. Mara ya tatu niliufunga kiunoni ndani ya nguo zangu, na wewe, mtoto niliyekuzaa, ukanipapasa mpaka ukaupata."

Vitus alianza kulia. "Nilikuwa na miaka kumi na sita, mama. Baba ndiye alinituma."

"Ndiyo," alisema mama yake. "Na Jumapili nilikutuma mimi."